ABIRIA WA LIEMBA HAWASEMI LUGHA MOJA

Katika bandari ya Kigoma, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, palikuwa na siku ambayo wenyeji waliitambua bila ya kutazama kalenda. Ilikuwa Jumatano ya Liemba. Tangu asubuhi mikokoteni iliteremka kutoka mjini ikiwa imesheheni magunia, madumu ya mafuta ya mawese, magodoro na vikapu vya kuku. Ilipotimu saa kumi jioni, au baadaye kama shehena haijakwisha kupakiwa, honi ililia, kamba zikafunguliwa, na meli ikageuza omo yake kuelekea kusini. Kwa miaka mingi safari hiyo ilifanywa mara moja kila baada ya majuma mawili, na ilikwisha Mpulungu, nchini Zambia, siku ya Ijumaa ikiwa mambo yamekwenda sawa.

Ndani ya meli hiyo walisafiri watu wa kila namna. Walikuwamo wafanyabiashara wa samaki wakavu, wakulima waliokuwa wakirudi vijijini mwao, watumishi waliohamishwa vituo, askari waliokwenda likizo pamoja na jamaa zao, na pia wageni kutoka Ulaya waliokuja kwa ajili ya mapumziko tu, baada ya kusikia habari za meli kongwe inayotembea katika ziwa refu kupita yote ya maji baridi duniani. Wote walilala ndani ya chuma kimoja na kula samaki wa ziwa moja. Lakini waliposhuka na kuulizwa habari za safari, mtu angedhani kila mmoja wao alipanda meli yake peke yake.

CHUMA KILICHOZAMA KIKAIBUKA

Ili kuyaelewa maneno ya abiria hao, ni lazima kwanza kuielewa meli yenyewe. Liemba iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen, kwa jina la gavana aliyeitawala Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Haikuletwa ikielea. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapakiwa baharini mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko ikasafirishwa kwa reli mpya ya kati mpaka Kigoma. Mafundi waliofuatana na mzigo huo waliiunga tena kando ya ziwa, na mwezi wa Februari 1915 ikashushwa majini. Urefu wake ni yapata meta 70.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kupamba moto, na meli iliyokusudiwa kubeba watu na mizigo ikafanywa manowari. Ilifungwa mzinga uliotoka katika manowari ya Königsberg, ambayo Waingereza waliiangamiza katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma katikati ya mwaka 1916, Wajerumani waliamua kwamba meli isiangukie mikononi mwa adui. Wakaizamisha wenyewe tarehe 26 Julai, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walifanya jambo ambalo hata leo husimuliwa kwa mshangao: waliipaka mitambo grisi nene, kwa matumaini kwamba siku moja itaopolewa na kufanya kazi tena.

Matumaini hayo yalitimia kwa manufaa ya watu wengine. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa kwa mara nyingine, wakaikuta mitambo yake haijaharibika sana, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza safari ikiwa na jina jipya la Liemba, jina la kale la upande wa kusini wa ziwa. Iliendeshwa kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ilipotiwa mashine za dizeli. Mwaka 1993 ilifanyiwa matengenezo mengine makubwa kwa msaada wa Denmark. Basi hiyo ndiyo nyumba ambayo abiria wetu waliingia, kila mmoja na tiketi yake na haja yake.

MANENO YA SITAHA YA JUU

Sitaha ya juu ilikuwa na vyumba vya daraja la kwanza: vyumba vidogo vyenye vitanda viwili vilivyopandana na dirisha la kutazamia nje. Huko ndiko walikokaa wengi wa wageni waliokuja kupumzika, na hata wao hawakupatana.

Wapo walioshuka wakiwa wamejaa furaha. Hao walisema kwamba meli mpya za kitalii zinazozunguka katika bahari za Ulaya na Marekani, zenye mabwawa ya kuogelea, maduka na majumba ya sinema, ni hoteli zilizotiwa majini. Mtu hukaa ndani yake juma zima asiitazame bahari hata mara moja. Ndani ya Liemba, walisema, hapakuwa na kitu cha kumwondoa mtu katika ziwa. Jua lilitua nyuma ya milima ya Kongo upande wa magharibi. Kulipokucha, upande wa mashariki zilionekana safu za milima na vijiji vilivyojibanza baina ya mwinuko na maji. Waliwasifu mabaharia kwa jinsi walivyoitunza mashine ya zamani, na walipenda hata mlio wake uliosikika mtoni pa mto usiku kucha.

Chumba cha pili yake mtu angesikia maneno mengine kabisa. Wapo waliosema kwamba walilipa fedha wapate kupumzika, wakapata kukesha. Meli ilichelewa kuondoka kwa saa nyingi. Usiku ilisimama kila baada ya muda mfupi, na kila iliposimama palikuwa na kelele za watu, za kreni na za mizigo. Chumba kilikuwa na joto, chakula kilikuwa wali na samaki, au wali na kuku, na kesho yake vilevile. Mtu wa namna hii huuliza swali ambalo si la kudharauliwa: je, ukongwe ni sababu ya kumtaka msafiri avumilie asichopaswa kuvumilia?

Ukiyasikiliza maneno hayo kwa makini, utaona kwamba wote wawili wanasema kweli. Yule wa kwanza alikuja kutazama, na kila kilichomzuia mwenzake kulala kilikuwa kwake kitu cha kutazama. Yule wa pili alikuja kustarehe, na starehe haikuwa kazi ya meli hiyo. Kosa halikuwa la meli wala la mgeni, bali la yule aliyemwambia kwamba anakwenda katika matembezi ya anasa. Liemba ilikuwa chombo cha kazi kilichokubali kumchukua mtalii. Haikuwa chombo cha mtalii kinachobeba mizigo.

MANENO YA SITAHA YA CHINI

Katika sitaha ya chini mazungumzo hayakuwa ya starehe wala ya historia. Huko kulikuwa na vyumba vya daraja la pili vyenye watu wanne wanne, na madaraja ya tatu ambako abiria walikaa katika mabenchi, au juu ya mizigo yao, au walitandika mikeka popote palipopatikana nafasi. Mama muuza dagaa hakuuliza meli iliundwa mwaka gani. Aliuliza nauli ya gunia, aliuliza kama mzigo wake utakaa mahali pakavu, na aliuliza siku ya kufika sokoni. Kwake yeye meli iliyochelewa siku moja ilimaanisha bei iliyoanguka, na meli isiyokuja kabisa ilimaanisha mtaji uliooza. Watalii walipopiga picha za machweo, yeye alihesabu vikapu.

Kwa watu wa namna hiyo sifa kubwa ya Liemba ilikuwa tumbo lake. Mashua za mbao zilizokuwa zikishindana nayo zilikwenda vijiji vyote, lakini zilijazwa mpaka maji yakaribie ukingo, na upepo wa kusini unapovuma katika miezi ya kiangazi ziwa hilo huinua mawimbi makubwa kama ya bahari. Mwenye kuzijua mashua hizo aliiona meli kongwe kuwa ngome. Joto, kelele na msongamano vilikuwa karo aliyoilipa kwa moyo mmoja, mradi afike.

Walikuwapo pia vijana waliozaliwa katika vijiji vya mwambao ambao hawakuridhika. Wazee wao walijivunia meli. Walisema babu zao waliiona ikiunganishwa, na kwamba ni meli chache za abiria zilizofanya kazi kwa muda mrefu namna hiyo. Vijana walijibu kwa heshima, lakini walijibu. Walisema kwamba fahari haimfikishi mgonjwa hospitali. Meli moja kwa majuma mawili haitoshi mwambao wenye watu wengi, na mgeni anayesifu uzee wa meli atarudi kwao kwa ndege, ilhali wao watabaki wakiingoja Jumatano nyingine. Katika maneno yote yaliyosemwa juu ya Liemba, haya pengine ndiyo mazito kuliko yote.

NGAZI YA USIKU

Lilikuwapo jambo moja ambalo kila abiria alilizungumzia, wa juu na wa chini. Ukiondoa bandari chache kama Kigoma, Kasanga na Mpulungu, vijiji vingi vilivyopitiwa na meli havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo na ufuko na kupiga honi. Mara giza lilijaa taa na sauti, na mitumbwi na mashua zikaja mbio na kuibana meli ubavuni. Abiria waliteremka kwa ngazi au kupitia milango ya chini, huku wengine wakipanda kwa njia ileile. Mabunda yalirushwa, kuku walipitishwa juu ya vichwa vya watu, na watoto walitolewa mkono kwa mkono mpaka mashuani.

Kwa mtalii aliyeegemea ukingo wa sitaha ya juu, hiyo ilikuwa tamasha isiyo na mfano, na wengi waliandika kwamba walikwenda Tanganyika kwa ajili ya saa hiyo tu. Lakini mke wa askari aliyekuwa akimfuata mumewe katika kituo kipya, mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi na sanduku miguuni, hakuona tamasha. Aliona ngazi inayoyumba, maji meusi chini yake, na mashua iliyokwisha kujaa. Saa moja hiyohiyo, mahali pamoja hapohapo, ilikuwa kwa mmoja burudani na kwa mwingine mtihani. Anayetaka kujua hali ya chombo cha usafiri na awaulize wote wawili, lakini alisikilize zaidi neno la yule mwenye mtoto.

UMRI SI MAJI

Wageni wengi kabla ya kupanda waliuliza swali moja: meli ya zamani namna hii haitazama? Ni swali la haki. Lakini historia ya maziwa yetu inatoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Meli hiyo ilikuwa haijatimiza hata miaka 20. Ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430, lakini siku hiyo ilibeba wengi kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Hicho nacho kilikuwa kimeanza kazi mwaka 2004, na kiliundwa kwa ajili ya abiria wapatao 100. Wakati MV Bukoba inazama, Liemba ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, na ilikuwa ikiendelea na safari zake.

Haifai mtu akasema kutokana na habari hizo kwamba chombo kikuukuu ni bora kuliko kipya. Chuma huliwa na kutu, mabamba huwa membamba, na mashine huchoka kama mwili wa mtu unavyochoka. Habari hizo zinafundisha jambo jingine: kinachozamisha meli mara nyingi si miaka yake bali uzito inaobebeshwa na matunzo inayonyimwa. Chombo cha miaka 14 kilichojazwa mara mbili ya uwezo wake ni kaburi linaloelea. Chombo cha miaka 80 kinachokaguliwa, kinachopakwa rangi, kinachobadilishiwa mabamba na kuhesabiwa abiria wake, kinaweza kuwarudisha watu nyumbani.

Mfano wa kinyume chake unajulikana nchini Uganda. Meli ya Robert Coryndon ilitembea katika Ziwa Albert tangu mwaka 1930, na wageni wakaisifu kwa vyumba na maktaba yake. Mafuriko ya miaka ya 1960 yalipoiharibu bandari ya Butiaba, meli iliachwa hapohapo. Kwa muda wa miaka mingi mbavu zake zilionekana majini zikishika kutu, mpaka chuma chake kikatoweka. Ilikuwa changa kuliko Liemba. Tofauti yao haikuwa umri, bali kwamba moja iliopolewa na nyingine haikuopolewa.

SIKU YA KAGUNGA

Mwaka 2015 maoni yote ya abiria yalinyamaza kwa muda. Mwezi wa Mei mwaka huo, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilicho katika ukanda mwembamba baina ya milima na ziwa, kaskazini ya Kigoma. Barabara ya magari haikuwapo. Kipindupindu kilizuka. Njia ya kuwatoa watu wale kwa wingi ilikuwa maji tu, na chombo kilichokuwapo kilikuwa Liemba. Meli iliyoundwa katika enzi ya wafalme wa Ulaya ilikwenda na kurudi ikiwabeba mamia kwa mamia mpaka Kigoma, kutoka huko wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu.

Mama aliyepandishwa siku hiyo kwa mashua, na watoto wake na furushi moja, hakuuliza kama chumba kina feni. Wala hakuna aliyemwambia kwamba anasafiri katika meli ya historia. Kama angeulizwa maoni yake juu ya Liemba, huenda angejibu kwa neno moja tu: ilikuja.

MWENYE KUSAFIRI NA JAMAA ZAKE

Miaka michache baada ya hapo Liemba iliacha safari zake kwa sababu ya uchakavu, na mwaka 2023 mkataba wa ukarabati wake mkubwa ulitiwa saini. Wapo waliotaka iwekwe nchi kavu iwe jumba la makumbusho, na wapo waliotaka irudi kazini. Wapo pia waliosema kwamba fedha hizo zingefaa kununulia meli mpya. Kila upande una hoja zake. Lakini wakazi wa mwambao, wakiulizwa, huleta mambo mawili ambayo hayapingani: ya kale itunzwe, na mpya iongezwe.

Kwa baba na mama wanaojiandaa kusafiri na watoto katika chombo chochote cha zamani, katika ziwa lolote la Afrika Mashariki, maneno ya abiria wa Liemba yana mafunzo ya nyumbani. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha, mkeka, blanketi na chakula kikavu cha siku moja zaidi ya siku za safari, kwa maana ratiba ya ziwa hutawaliwa na upepo na mizigo. Kateni tiketi mapema, na hakikisheni majina ya watoto yameandikwa katika orodha, kwani asiyeandikwa hahesabiwi. Kabla ya meli kung'oa nanga, jueni mahali yalipo maboya na namna ya kuyavaa, na waonyesheni watoto. Ikiwa mnateremka usiku mahali pasipo na gati, mmoja ashuke kwanza kuwapokea watoto, na mizigo ifuate mwisho. Mkiona abiria wanaendelea kupakiwa baada ya nafasi kwisha, teremkeni. Nauli iliyopotea hutafutwa ikapatikana.

Na yule anayekwenda kwa mapumziko ajiulize kwanza anakwenda kutafuta nini. Anayetaka kitanda laini na usingizi mzito atavipata katika hoteli ya nchi kavu, tena kwa bei nafuu. Anayetaka kuliona ziwa na watu wake, na awe tayari kukesha pamoja nao pindi honi inapolia usiku wa manane na taa za mitumbwi zinapoanza kuja kutoka ufukoni.